Kanda za Boniface

Enugu, 11 Aprili 2019

Mvua ya kwanza ya mwaka imeniletea mgeni. Dokta Nwakaego Ilo, mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke wa kama miaka arobaini, alisimama barazani akikung'uta tope jekundu viatuni na kuuliza kama bado nina lile sanduku. Sijui nani alimwambia. Lipo chini ya kitanda tangu Boniface afariki, na huu ni mwaka wa sita.

Tulilivuta pamoja. Kanda za video ishirini na tatu, kazi yote ya mume wangu kuanzia mwaka 1991 hadi 1999, nusu za kuchekesha na nusu za kutisha, zote zilipigwa humu humu mjini na mimi ndiye niliyeziandika. Zimeota kuvu jeupe kama unga.

"Mama, msimu mmoja zaidi wa mvua na hizi ni takataka," akasema.

Tumekubaliana hivi: atazichukua chache chache, atazisafisha na kuzinakili kwenye kompyuta, kisha atanirudishia nizitazame. Kwa kila filamu niandike ukurasa mmoja: waliocheza, mahali palipopigwa, na kama bado inasimama au imepitwa na wakati. Nilimwambia kazi ya Boniface haihitaji shahidi. Nilisema hivyo kutoka moyoni.

16 Aprili

Silva amekuja kutazama ya kwanza. Sylvanus Ekwe, miaka sabini na mmoja, mchekeshaji wa filamu zetu zote. Watu wazima wa mji huu wanamjua kwa jina la Akidi, yaani kunde nyeusi, kwa kuwa alikuwa mdogo, mweusi na mgumu kuiva. Siku hizi anatembelea fimbo. Watoto wa mtaani hawamjui kabisa.

Tulitazama "Posa ya Tano", ile ya mwanamume anayekwenda kuposa nyumba tano na mbuzi yule yule wa kuazima. Silva alikuwa akicheka kabla kichekesho hakijafika. Mbuzi bado anachekesha. Kisha ikaja sehemu ambayo Akidi anamkimbiza mkewe uwanjani akimcharaza kwa mwiko kwa sababu amemwaga mchuzi. Dakika nne nzima. Nakumbuka ukumbi ulivyoangua kicheko siku ya kwanza. Nakumbuka nikijifuta machozi kwa ncha ya kilemba, mimi niliyeiandika. Leo nimesikia mvua tu juu ya mabati.

"Watu wa siku hizi hawajui kucheka," Silva akasema.

"Hapa tupo watu wa siku zile, Silva. Wawili. Na hatujacheka."

"Basi uzee, shemeji."

Kwenye ukurasa nimeandika: Mbuzi anasimama.

23 Aprili

Hakuna umeme.

24 Aprili

Hakuna umeme. Mvua imeangusha ukuta wa jirani.

2 Mei

"Jeneza la Chifu". Tajiri anamtoa mama yake kafara, mama anarudi kudai. Mwaka 1993 mwanamke mjamzito alizimia ukumbini kwa sababu ya filamu hii, na Boniface alijisifia jambo hilo hadi Krismasi.

Mzimu amevaa saa ya mkononi. Uzi unaovuta kifuniko cha jeneza unaonekana kama kamba ya nguo. Damu ni nyanya ya kopo, na mbwa fulani anaingia kwenye picha na kuanza kuilamba wakati chifu bado anakata roho.

"Shemeji, tazama mzimu wetu anavyochungulia saa," Silva akasema. "Amechelewa kazini."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mambo yamegeuka: vya kuchekesha vinanitia huzuni, na vya kutisha ndivyo vinavyonichekesha. Nilidhani nitaona aibu kwa ajili ya Boniface, lakini nimemwonea huruma. Alishona ile sanda kwa mikono yake.

19 Mei

Tumetazama sita zaidi wiki hii. Nne hazifai kitu. Katika "Wajane Wawili" kuna kioo ukutani, na kwa bahati mbaya Boniface anaonekana ndani yake, kijana, karatasi zangu amezikunja mkononi, anamwashiria mtu asogee. Nimerudisha nyuma mara nne kumtazama.

30 Mei

Mvua. Kiuno. Hakuna la kuandika.

6 Juni

Dokta Ilo ameleta kanda ya kumi na nne akiwa ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. "Mtoto wa Shimo la Maji", mwaka 1995. Alikuwa ameshaonja kidogo alipokuwa akiisafisha, na akataka tuitazame sote wawili.

Hadithi ni fupi. Msichana mdogo anaingiwa na pepo wa shimo la maji, anamla mdogo wake kwa uchawi, na mwishoni anakiri mbele ya kijiji kizima. Nimeona makosa yote: nyumba inayobadilika rangi, kuku anayelia juu ya maneno ya mganga. Halafu ikafika sehemu ya kukiri. Hapakuwa na unga usoni, wala uzi, wala nyanya ya kopo. Kamera ilisogea tu hadi kwenye uso wa yule msichana ikakaa hapo. Akasema, "Nimemla ndugu yangu," kisha akapiga ukelele.

Dokta Ilo alinishika mkono bila kujua. Mimi niliye na miaka sitini na sita, niliyeyaandika maneno yale mwenyewe kwenye meza ya jikoni, nywele zilinisimama.

"Mama, hii inasimama," akasema ilipokwisha. "Hii ingesimama popote duniani. Novemba kuna maonyesho ya filamu za zamani kule Lagos. Nataka hii iwe ya kufungulia. Huyu mtoto ni nani? Hata mwigizaji mzima hawezi hivi."

"Alikuwa mtoto wa mpishi wetu."

"Jina lake? Mwishoni mmeandika 'Mtoto' tu."

"Sikumbuki," nikasema.

Nimemdanganya. Anaitwa Uloma.

7 Juni

Nimeunguza uji.

8 Juni

Nimeunguza tena.

11 Juni

Silva amekuja. Nilimwambia tutazame ya kumi na nne, akasema miguu inamuuma. Nikamwambia hatutazami kwa miguu. Akachukua fimbo yake akaondoka kwenye mvua bila mwavuli.

15 Juni

Dokta Ilo amepiga simu mara mbili kuuliza kama nimekumbuka jina.

20 Juni

Leo asubuhi Silva amerudi mwenyewe, na okpa mbili za moto, mikate ya njugu mawe, kwenye majani. Hakuigusa ya kwake. Aliketi pale kwenye kiti cha Boniface, mahali ambapo hajawahi kuketi.

"Yule mhadhiri ameshaiona?"

"Ameiona. Anaipeleka Lagos."

"Basi nikuambie, shemeji, nisije nikafa nayo."

Naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana kazi yangu siku zote ilikuwa kuandika wanayosema watu.

"Siku ile Boniface alihangaika tangu asubuhi. Mtoto hakuweza kulia. Kila akiambiwa alie, anacheka, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma ya kamera namfanyia vituko. Boniface akanifukuza pale. Akamwita mtoto pembeni, akachuchumaa, akamshika mabega hivi. Akamwambia, 'Uloma, ndugu yako Chijindu amekufa. Amekufa sasa hivi huko nyumbani. Umemla wewe, kama ulivyosema kwenye filamu.' Mtoto akamtazama tu. Boniface akamsogeza mbele ya kamera, akasema, 'Washa.'"

"Boniface hawezi kufanya hivyo."

"Kwa masikio haya, shemeji."

Mvua ilikuwa ikipiga dirisha ubavuni.

"Walipozima," Silva akaendelea, "akamwambia ni mchezo, ndugu yako mzima, shika biskuti. Kisha akaniambia, 'Silva, mchekeshe.' Nikatembea kama bata. Nikaanguka na kiti. Nikaweka sufuria kichwani nikapiga saluti. Mimi nimechekesha watu hadi matangani, nimewachekesha wafiwa na maiti yao ndani. Yule mtoto alinitazama mwanzo hadi mwisho na hakucheka. Kila nikipanda jukwaani tangu siku ile namtafuta kwenye viti."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

Akanitazama. "Wewe ulikuwa wapi, shemeji?"

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nachanganya mawese na masizi ya kumpaka mtoto kwa picha iliyofuata. Nilisikia ule ukelele. Nakumbuka nilichowaza: leo kazi imekubali.

21 Juni

Nimegeuza picha ya Boniface ikatazama ukuta. Saa moja baadaye nimeigeuza tena. Kumgeuza hakusaidii mtu.

28 Juni

Wiki nzima mvua haijakatika na mimi nimekuwa nikimlaumu marehemu. Ni kazi nyepesi, hajibu. Leo nataka kuandika yaliyobaki.

Silva hakuniambia jambo jipya. Alifungua tu mlango niliokuwa nimeuegemea kwa mgongo.

Mama yake Uloma alikuwa Roseline, mpishi wetu. Wiki tisa baada ya kupiga filamu, mwanawe Chijindu, miaka minne, alishikwa na malaria, degedege likampanda, akafa kabla hawajamfikisha hospitali. Wakati huo kanda ilikuwa na wiki mbili sokoni. Mtaa mzima ulikuwa umeiona. Watu walikuwa wameona kwa macho yao mtoto wa Roseline akisema amemla ndugu yake, na sasa ndugu amekufa kweli. Walianza kumrushia Uloma mawe alipokwenda bombani.

Roseline alikuja jikoni akapiga magoti. Alisema, "Madam, waambie watu ni mchezo. Wewe ni mwalimu, watakusikiliza. Mtoto mwenyewe anasema ni kweli. Anasema Oga alimwambia."

Oga alimwambia. Nilisikia maneno hayo mwaka 1995, jikoni kwangu, na sikuuliza Boniface alimwambia nini.

Na sababu ni hii. Mimi na Boniface hatukujaliwa mtoto. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na wanawake wa bombani walikuwa wameshaanza: yule tasa anafuga mtoto mchawi, ndiyo maana tumbo lake limefungwa, wanagawana nyama. Nilijua maneno kama hayo yanapofikia. Kwa hiyo sikwenda bombani kusema ni mchezo. Nilimpa Roseline gunia la garri, unga wa muhogo, nikamwambia akapumzike kijijini kwao na mwanawe hadi maneno yapoe, kisha nitawafuata. Waliondoka Jumanne. Uloma alikuwa amevaa gauni nililomshonea kwa ajili ya filamu.

Maneno yalipoa baada ya mwezi mmoja. Sikuwafuata.

Bora wamseme yeye kuliko waniseme mimi. Sikutamka hivyo hata moyoni, lakini ndivyo nilivyotenda.

3 Julai

Nimemwambia Dokta Ilo jina, na nimemwambia yote. Akauliza kama nina hakika, kwa sababu programu ya Lagos imeshapigwa chapa. Nilimwona mkatili. Halafu nikakumbuka nilichowaza niliposikia ukelele, nikamsamehe.

10 Julai

Nimekwenda kijijini kwa Roseline, ng'ambo ya Udi. Barabara imekatwa na maji mahali pawili, tulishuka tukasukuma gari. Karani wa parokia alifungua daftari la maziko: Roseline amezikwa mwaka 2008. Mtoto hakukaa naye kijijini. Ndugu wa baba walimpeleka kwenye nyumba ya maombi "akatapishwe uchawi". Alikaa huko miaka mitatu kabla masista hawajamtoa.

"Wewe ni nani wake?" karani akauliza.

22 Julai

Sista mmoja mzee amenipigia. Uloma yu hai. Ana mume na watoto wawili, anafanya kazi ya dobi Nsukka, nyuma ya soko.

2 Agosti

Sijaenda. Mvua.

9 Agosti

Sijaenda. Leo hakuna mvua.

17 Agosti

Mvua imepumzika kama inavyopumzika kila Agosti, na viazi vikuu vipya vimejaa barabarani hadi Nsukka. Nilikosa kisingizio.

Ni kibanda cha mabati chenye kamba za nguo pande zote. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa, mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa cha kijani kichwani. Nisingemjua.

"Karibu, Mama. Za kufua au za pasi tu?"

"Mimi ni Philomena. Mke wa Boniface Udeh."

Pasi haikusimama. Ilikwenda hadi mwisho wa shati, ikarudi.

"Madam," akasema. "Umezeeka."

"Nimezeeka."

"Mama alikuwa akisema utakuja. Kila Krismasi alikuja kunitazama pale kwenye maombi, ananiambia, 'Vumilia, maneno yakipoa Madam atatufuata.' Mwaka wa kwanza nilimwamini."

Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima. Haikutoka hata nusu. Nilimwambia kwamba nimejua alichoambiwa na Boniface siku ile, na kwamba nimekuja kumwambia haikuwa kweli.

"Najua alichosema, niliyeambiwa ni mimi," akasema. "Na najua haikuwa kweli. Masista walinisomesha. Malaria naijua." Akageuza mkono wa shati. "Lakini kujua ni kitu kimoja, Madam. Mwanangu wa pili alipougua homa, nilihama nyumbani siku tatu. Nililala kwa jirani, nisije nikamtazama. Mume wangu hadi leo anadhani nilikuwa nimekwenda kununua sabuni Onitsha."

Mteja akaja, akachukua suruali zake, akaenda. Kisha nikamwambia Uloma kwamba kanda ipo, kwamba kuna mtu anataka kuionyesha kwa watu, na kwamba akisema neno moja nitaichoma moto leo hii pamoja na nakala zake.

"Usinipe kazi ya kuamua mara hii hii. Sijawahi kuiona."

"Hujawahi?"

"Ningeionea wapi? Pale tulipokuwa tunafungwa kamba?"

Nikasema samahani. Ilisikika kama kitu kidogo kilichodondoka kwenye sakafu ya udongo. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha karatasi, nikainuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye kamba za nguo aliponiita.

"Madam. Chijindu yumo?"

"Yumo. Mwanzoni, anafukuza kuku."

Hapo ndipo pasi iliposimama. Aliiweka wima pembeni, akashika meza kwa mikono miwili.

"Hatuna picha yake," akasema. "Hata moja."

18 Agosti

Nimelala kutwa.

1 Septemba

Mvua zimerudi kwa hasira. Silva amelazwa siku nne, kifua. Nilipomweleza habari za Nsukka aliuliza jambo moja tu: "Anacheka siku hizi?" Nikasema sikuona.

14 Septemba

Uloma amepiga simu. "Jumamosi ijayo nafunga kibanda," akasema, akakata.

21 Septemba

Alifika saa nne asubuhi, gauni la kanisani, mkoba kifuani. Dokta Ilo alikuja na kompyuta yake, Silva alikuja na fimbo na koti kubwa. Nilipika supu ya majani ya oha. Hakuna aliyeila.

Uloma aliketi karibu kabisa na televisheni, kama watoto wanavyoketi. Dokta Ilo akawasha.

Chijindu anaonekana dakika ya sita. Anamfukuza kuku uwanjani, bukta imemshuka, mara anasimama, anaitazama kamera moja kwa moja na kucheka meno yote nje. Ni kosa. Boniface alitaka kulikata, muda ukamshinda.

"Rudisha," Uloma akasema.

Dokta Ilo akarudisha.

"Rudisha tena."

Sikuhesabu mara ngapi. Mwishowe Uloma alisema, "Nilikuwa nimesahau ana mwanya," kisha akasema, "Endelea."

Ikafika sehemu ya kukiri. Mimi niliinamisha macho, Silva alifunika uso kwa kofia. Uloma alitazama. Ukelele ulijaa chumbani, ukaisha, na yeye bado alikuwa anatazama.

"Kumbe nilikuwa mdogo hivi," akasema.

Alinyoosha kiganja hewani, juu kidogo ya goti, kupima. "Nilikuwa nikijikumbuka mkubwa. Kila nikiwaza siku ile najiona kama nilivyo leo, mtu mzima, nimesimama pale nasema maneno yale. Tazameni. Hata meno ya mbele sina."

Silva alikuwa analia kwa sauti, bila aibu, kama mzee anavyolia. Uloma akamgeukia.

"Wewe ndiye uliyetembea kama bata."

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Nilitaka kucheka. Niliona unavyohangaika, sufuria lilikuangukia puani. Lakini niliogopa. Niliona nikikucheka, na wewe utakufa."

Mzee aliinua uso. Sijui kama kitu kile kilimpunguzia mzigo au kilimwongezea.

Dokta Ilo alifunga kompyuta taratibu. "Dada, sitaionyesha," akasema. "Nitawaandikia watu wa Lagos leo hii."

"Nimesema usiionyeshe?" Uloma akajibu. "Ukiifungia kabatini, Chijindu ataonekana wapi? Waonyeshe. Ila msiniite mwigizaji. Madam ameniambia ulivyonisifu. Mimi sikuigiza. Watu waambiwe kabla picha haijaanza kwamba pale hakuna mtu anayeigiza, na waambiwe nani alifanya nini. Kisha watazame kama wanaweza."

Kabla hajaondoka, Dokta Ilo alimwekea zile sekunde za kuku kwenye simu yake. Nilimsindikiza hadi kituo cha magari. Mvua ilikuwa nyepesi. Hakunishika mkono wala hakuniita mama, na sikutegemea. Alikuwa akitembea huku akitazama simu, na mara mbili nilimvuta asikanyage dimbwi.

26 Septemba

Nimeandika ukurasa wa filamu ya kumi na nne. Nimeandika kwamba katika utayarishaji "zilitumika mbinu ambazo leo hazikubaliki". Nikamsomea Silva.

"Hiyo ni lugha ya ofisini," akasema. "Nani alizitumia? Mbinu zilitembea zenyewe?"

29 Septemba

Nimeandika tena. Nimemtetea Boniface kwa sentensi tatu: alikuwa na haraka, hakujua, alimpenda yule mtoto. Zote ni kweli. Nimezifuta zote.

5 Oktoba

Dokta Ilo ana wasiwasi. Anasema wenzake watauliza kwa nini tunamchafua marehemu asiyeweza kujitetea, na kwa nini filamu nzuri ianze na ukurasa kama huu. Nilimwambia nilikuwa mke wake kwa miaka thelathini, kama kuna wa kumtetea ni mimi, na mimi ndiye ninayeandika. Akasema sawa, Mama. Nilianza msimu huu nikidhani amekuja kuninyang'anya Boniface. Sasa yeye ndiye anayemlinda, nami ndiye ninayemtoa nje.

Nimeongeza na langu: kwamba nilisikia na sikuuliza, kwamba niliahidi na sikuwafuata. Silva naye ameweka sahihi chini ya maneno yake. Sahihi yake inafanana na mwandiko wa mtoto.

12 Oktoba

Siku ya tatu bila mvua. Nimekwenda Nsukka na ukurasa, kwa sababu niliona si haki usomwe Lagos kabla yeye hajausoma.

Alikuwa peke yake kibandani. Alijifuta mikono, akaupokea, akausoma amesimama, kidole kikifuata mstari. Ulianza hivi: "Mwaka 1995, ili kupata picha mtakayoiona, Boniface Udeh alimwambia mtoto kwamba ndugu yake amekufa na kwamba aliyemuua ni yeye."

Alisoma hadi mwisho, hadi kwenye sahihi zetu. Kisha akarudi juu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mtoto gani?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja.

"Hapa. Umeandika 'mtoto'. Mtoto gani? Andika jina."

Akanipa kalamu yake, ile anayoandikia namba za nguo za wateja, nami nikaandika.